Nani Alijua Kusoma Ukuta? Mwanafunzi wa Juba na Riwaya ya Shamba la Wanyama

Utangulizi

Katika mihula miwili iliyopita tumesoma darasani, hapa Juba, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya fupi ya George Orwell, Shamba la Wanyama. Kila mwanafunzi alitakiwa kuwa na daftari la usomaji, na ndani yake aandike, sura baada ya sura, ni wapi kitabu kinamgusa, ni wapi kinamuudhi, na kinamkumbusha nini. Hatukuomba muhtasari wala orodha ya dhamira, kwani vitu hivyo vimejaa katika miongozo. Tulitaka kujua msomaji wa mji huu anakutana na nini anapoingia katika shamba lile.

Baadhi ya walimu wenzetu wameuliza kama zoezi la namna hii ni uhakiki kweli, au ni kumwachia mwanafunzi asimulie habari zake kwa kisingizio cha kitabu. Swali hilo ni la haki. Wanaofuata nadharia ya upokezi husema kwamba maana ya kazi ya fasihi hukamilika kwa msomaji. Lakini hata wao hawasemi kwamba kila anachokisema msomaji kimo kitabuni. Maoni yetu ni kwamba mwitiko binafsi unakuwa uhakiki pale unapomrudisha msomaji katika matini akaone jambo ambalo hakuliona mwanzo. Usipomrudisha, unabaki kuwa soga. Katika makala haya tutalitetea dai hilo kwa kulinganisha aina mbili za mwitiko tulizozikuta katika madaftari, na tutakaa zaidi na daftari moja ambalo limetufundisha kukisoma kitabu hiki upya.

Kitabu na safari zake

Orwell alikichapisha kitabu hiki mjini London tarehe 17 Agosti 1945, baada ya wachapishaji kadhaa kukikataa, baadhi yao kwa kuchelea kuiudhi Urusi ambayo wakati wa vita ilikuwa mshirika wa Uingereza. Kisa chake kinajulikana: wanyama wanamfukuza mkulima mlevi, wanajitawala kwa amri saba za usawa, na nguruwe, ambao ndio wenye akili zaidi, wanaligeuza shamba kidogo kidogo mpaka linakuwa mahali pabaya kuliko lilivyokuwa. Wahakiki huiweka miongoni mwa riwaya za distopia, yaani zile zinazochora nchi iliyogeuzwa jehanamu, mara nyingi na walewale walioahidi pepo.

Tafsiri ya Fortunatus Kawegere ilitolewa na East African Publishing House, Nairobi, mwaka 1967. Huo ndio mwaka lilipotangazwa Azimio la Arusha. Kwa hiyo msomaji wa kwanza wa Kiswahili aliishika tafsiri hiyo akiwa na mambo yake kichwani, tofauti kabisa na yale ya msomaji wa London wa 1945. Maneno kama usawa na unyonyaji hayakuwa ya kitabuni tu kwake, aliyasikia redioni.

Kuna safari nyingine ya kitabu hiki ambayo walimu wengi hawaitaji, nayo inatuhusu sana. Mwaka 1947 ilichapishwa nchini Ujerumani tafsiri ya Kiukreni iliyokusudiwa Waukreni waliokuwa wakiishi katika kambi za wakimbizi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Orwell mwenyewe aliiandikia dibaji. Wakuu wa jeshi la Marekani walioitawala sehemu hiyo walikamata nakala nyingi na kuwakabidhi Warusi, lakini nyingine zilikuwa zimekwisha kuwafikia wenyewe. Riwaya hii basi ilifika mikononi mwa wakimbizi miaka miwili tu baada ya kuzaliwa. Mwanafunzi wa Juba aliyejifunza Kiswahili katika shule za kambi ya Kakuma, huko Turkana, si mgeni katika hadhira ya kitabu hiki. Ni wa ukoo wa wasomaji wake wa mwanzo.

Mwitiko wa kwanza: "Huyu ni fulani"

Madaftari mengi yalianza kwa namna moja. Pembeni mwa jina la kila nguruwe mwanafunzi aliandika jina la mtu. Hatushangai. Mwanafunzi aliyezaliwa mwaka 2005, mwaka wa Mkataba wa Amani kati ya Khartoum na SPLM, alikuwa na umri wa miaka mitano watu walipopiga kura ya maoni Januari 2011 na karibu asilimia 99 wakachagua kujitenga. Aliiona bendera ikipandishwa tarehe 9 Julai mwaka huohuo. Vita vilipoanza Desemba 2013 alikuwa bado shule ya msingi. Ukaja mkataba wa 2015, yakaja mapigano ya Juba ya Julai 2016, ukaja mkataba wa 2018. Kijana wa namna hiyo akipewa hadithi ya ukombozi uliokwenda mrama, tungemshangaa kama asingemtafuta mtu anayemjua.

Zaidi ya hayo, Orwell mwenyewe aliandika kwa kulenga. Mapinduzi ya Urusi ya 1917 na yaliyofuata yako nyuma ya kila sura, na msomaji anayewaona Stalin na Trotsky katika nguruwe wale wawili wanaogombana hakosei. Kwa hiyo kuoanisha mhusika na mtu wa kweli ni hatua halali ya usomaji. Tatizo ni kuishia hapo.

Tulipoyalinganisha madaftari tuliona mambo mawili. Kwanza, nguruwe mmoja alibeba majina manne katika madaftari manne, kutegemea mwandishi wa daftari ametoka wapi na familia yake ilikimbilia wapi. Usomaji wa namna hiyo unatueleza habari za msomaji, lakini hauongezi lolote juu ya kitabu. Pili, hakuna aliyejitafuta miongoni mwa mbwa wanaotisha wenzao, wala miongoni mwa kondoo wanaopiga kelele za kauli moja kila mtu anapotaka kuuliza swali. Kila mmoja alijikuta ni farasi mchapakazi anayedhulumiwa. Katika darasa zima hapakuwa na kondoo hata mmoja. Riwaya inayomfanya kila msomaji ajione hana hatia imesomwa kwa haraka.

Mwitiko wa pili: ukuta na wasomaji wake

Daftari tunalotaka kulizungumzia liliandikwa na mwanafunzi wa kike aliyesoma shule ya msingi na sekondari Kakuma. Katika sura ya kwanza hakuandika kitu. Katika sura ya pili, pale amri saba zinapoandikwa kwa herufi kubwa nyeupe kwenye ukuta wa ghala, aliandika swali moja tu: nani kati yao anajua kusoma? Kisha akachora jedwali, akaanza kuwapanga wanyama kwa kadiri ya herufi wanazozijua, na akaendelea kulijaza jedwali hilo mpaka ukurasa wa mwisho.

Tulipolifuata jedwali lake tuliona kwamba Orwell amelijibu swali hilo kwa makini yasiyo ya kawaida. (Tunatumia hapa majina ya asili ya wahusika.) Nguruwe wanajua kusoma na kuandika barabara, walijifunza wenyewe kwa kitabu cha zamani cha watoto wa mkulima kilichotupwa jalalani. Mbwa wanasoma vizuri kiasi, lakini hawana hamu ya kusoma chochote isipokuwa amri saba. Muriel, mbuzi, anasoma kuliko mbwa, na jioni huwasomea wenzake vipande vya magazeti anavyookota jalalani. Benjamin, punda, anasoma sawa na nguruwe yeyote, ila hataki kuutumia ujuzi wake, kwani anadai hakuna kinachofaa kusomwa. Clover, farasi jike mtu mzima, amejifunza alfabeti yote lakini hawezi kuunganisha herufi zikawa neno. Boxer, farasi dume ambaye shamba zima linaegemea mgongo wake, hafiki mbali kuliko herufi D. Mollie hataki herufi nyingine ila zile za jina lake. Na kondoo, kuku na bata wanashindwa hata kuzikariri amri hizo saba.

Haya si mapambo. Kila udanganyifu mkubwa katika riwaya unapitia mlango huu. Nguruwe wanapoanza kulala vitandani, Clover anahisi kwamba ilikuwapo amri ya kukataza. Anakwenda ukutani, anazitazama herufi, hazimwambii kitu. Anamwita Muriel amsomee, na Muriel anasoma amri ambayo sasa inakataza kitanda chenye shuka tu. Baada ya mauaji ya hadharani, Clover anakwenda tena. Safari hii anamwomba Benjamin, naye anakataa kujiingiza katika mambo hayo; Muriel anaitwa tena, na tena amri imeongezewa maneno. Usiku mmoja msemaji wa nguruwe anakutwa ameanguka chini ya ukuta uleule, kando yake ngazi iliyovunjika, taa, brashi na kopo la rangi nyeupe lililomwagika. Wanyama wote wanaona. Benjamin peke yake anaelewa, naye ananyamaza.

Kilele cha jambo hili ni gari linalomchukua Boxer. Ubavuni mwa gari imeandikwa kazi ya mwenye gari, kuwa ni mchinja farasi na mchemsha gundi. Wanyama wamelizunguka wakimpungia mwenzao mkono wa kwaheri, wakiamini anapelekwa hospitali. Muriel anaanza kuunganisha herufi moja moja. Hapo ndipo Benjamin, kwa mara ya kwanza, anamsukuma kando na kusoma kwa sauti. Maandishi yalikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Lakini mara tu yalipopata wa kuyasoma, gari lilianza kuondoka. Mwanafunzi wetu alipigia mstari jambo moja dogo ambalo sisi, baada ya miaka ya kukifundisha kitabu hiki, hatukuwahi kulitilia maanani. Boxer, alipokuwa akilala mgonjwa, alikuwa akipanga kwamba akistaafu atautumia muda wake kujifunza herufi 22 zilizomsalia. Chini ya mstari aliandika hesabu: 26 toa 4. Hakuongeza neno.

Mbuzi wa Kakuma

Ni baada ya ukurasa huo ndipo daftari linapogeuka kuwa la binafsi. Mwanafunzi anaeleza kwamba alipokuwa darasa la nne au la tano yeye ndiye aliyekuwa akisomea watu wazima wa mtaani kwao matangazo ya kambini: siku za mgao, kiasi cha unga na mafuta, majina ya wanaoitwa kwa mahojiano. Mama yake na majirani walisimama nyuma yake mbele ya ubao, naye akiwatafsiria kwa lugha ya nyumbani. Siku moja tangazo lilisema kiasi cha mgao ambacho, kwa kumbukumbu za wanawake wale, kilikuwa pungufu ya kilichotangazwa mwezi uliotangulia. Walimuuliza kama hakuwahi kuwasomea kiasi kingine. Tangazo la zamani lilikuwa limebanduliwa. Alisoma tena lililokuwapo na kuwaambia kwamba ndivyo linavyosema. Wakaondoka.

Anaandika kwamba alipoanza kitabu alijiona Clover, kwa sababu Clover ndiye anayekumbuka na kuumia. Kwenye tukio la vitanda alitambua kwamba yeye hakuwa Clover. Clover alikuwa mama yake. Yeye alikuwa Muriel: mbuzi anayesoma kwa uaminifu kile kilichoandikwa, na ambaye kwa usomaji wake wa kweli anausaidia uongo kukaa.

Tunaliona jambo hili kuwa uhakiki wa hali ya juu. Katika miongozo mingi Muriel hutajwa kwa mstari mmoja, kama mhusika mdogo. Mwanafunzi huyu ameonyesha kwamba Muriel ndiye daraja ambalo udanganyifu hupita juu yake. Hadanganyi hata siku moja. Anasoma ukuta ulivyo, na kwa kuwa hadanganyi, wenzake wanamwamini. Na kwa kuwa wanamwamini, wanaacha kuamini kumbukumbu zao. Maisha ya mwanafunzi hayakuchukua nafasi ya kitabu. Yalikuwa taa aliyoingia nayo, na alichokiona kwa taa hiyo tunaweza kukikagua sote kwa kufungua kurasa zilezile.

Pale tunapotofautiana naye

Hata hivyo hatukubaliani na hitimisho la daftari. Mwanafunzi anamaliza kwa kusema kwamba kama wanyama wote wangejua kusoma, shamba lisingepotea. Ni hitimisho linalomfurahisha kila mwalimu, na kwa sababu hiyo inafaa tulishuku.

Jedwali lake mwenyewe linampinga. Mbwa walijua kusoma, na ujuzi huo haukuwazuia kuwararua wenzao. Benjamin alijua kusoma sawa na nguruwe yeyote, akakaa na ujuzi wake kama mtu aliyekalia mtungi wa maji wakati wa kiangazi. Aliposoma kwa sauti alikuwa amechelewa. Kwa hiyo swali la riwaya ni pana kuliko lile la nani anajua kusoma. Riwaya inauliza pia nani anawasomea wengine, lini, na kama ana ujasiri wa kusema kwamba maandishi ya leo si yale ya jana.

Kuna jambo la pili, na hili linawagusa wasomaji wa jarida hili moja kwa moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Shamba lile lilikuwa na daftari, tena kubwa, lenye kuonekana kutoka mbali. Mali ilipotea vilevile, kwa sababu daftari lilikuwa mikononi mwa wenye kuifuja mali. Kabla ya ukuta wanyama walikuwa na kumbukumbu tu. Baada ya ukuta waliiacha kumbukumbu wakategemea maandishi wasiyoweza kuyasoma. Na aliyeanza kuwaachisha si nguruwe mbaya. Ni Snowball, yule anayependwa na wasomaji wengi, ambaye kwa nia njema aliona amri saba ni ngumu kwa kondoo na kuku akazifupisha kuwa kauli moja fupi ya miguu minne na miguu miwili. Kondoo walifurahi. Tangu siku hiyo hapakuwa na haja ya amri, na kauli ile ndiyo iliyozima kila swali katika mikutano, mpaka siku nguruwe waliposimama kwa miguu miwili na kondoo wakawa wamefundishwa kauli mpya.

Mwalimu anayempa mwanafunzi mwongozo wa kurasa kumi badala ya kitabu, ili asihangaike, anafanya kazi ya Snowball. Nia yake ni njema. Lakini mwanafunzi aliyezoea ufupisho hawezi kugundua siku ufupisho utakapobadilishwa, kwa sababu hakuwahi kukutana na kitu chenyewe.

Lugha: wanyama na unyama

Tunataka pia kuwakumbusha walimu kwamba kitabu hiki kikiwa katika Kiswahili kinafanya mambo ambayo hakiwezi kuyafanya katika Kiingereza. Katika lugha yetu viumbe vyenye uhai vimo katika ngeli moja. Mtu anasema, nguruwe anasema; watu walikuja, kondoo walikuja. Sarufi haimbagui mkulima na farasi wake. Riwaya inapofika mwisho, wanyama wakiwa nje dirishani wakitazama nyuso za nguruwe na nyuso za watu bila kuweza kuzitofautisha, msomaji wa Kiingereza anashtuka kuona mpaka umefutika. Msomaji wa Kiswahili amekuwa akisoma tangu ukurasa wa kwanza katika lugha isiyokuwa na mpaka huo katika vitenzi vyake. Kwake mshtuko uko kwingine.

Uko katika maana. Kutokana na mtu tuna utu. Kutokana na mnyama tuna unyama. Na unyama kwetu ni ukatili, kama vile utu ni wema. Hivyo wanyama wa shamba wanapoapa kwamba wataishi kinyama na kujitenga na kila tabia ya watu, msikio wa Mswahili unasikia kiapo cha ajabu: wanaahidi unyama. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba sentensi za namna hiyo zilimchekesha, halafu kufikia sura ya mauaji hazikumchekesha tena, kwa kuwa neno lilikuwa limepata maana zake zote mbili. Hilo ni somo zima la semantiki, na limo ndani ya kitabu chembamba.

Ukuta wetu umeandikwa kwa lugha gani?

Haiwezekani kuyasoma haya Juba bila kuuliza swali hili. Katiba ya Mpito ya 2011 ilifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi. Lugha ya Konyo Konyo, ya bodaboda na ya mazungumzo kati ya makabila ni Kiarabu cha Juba. Nyumbani watu husema Kibari, Kidinka, Kinuer, Kizande na lugha nyingine nyingi. Utafiti wa kaya wa 2009 ulionyesha kwamba ni asilimia 27 tu ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi waliojua kusoma na kuandika. Mikataba ya amani ya 2015 na 2018 iliandikwa kwa Kiingereza, na wananchi wengi waliipata kwa kusimuliwa na redio au na jirani aliyesoma. Kila mtaa una Clover wake na Muriel wake.

Kiswahili kinaingia katika hali hiyo. Kililetwa na waliorudi kutoka Kenya na Uganda, kikaletwa na wafanyabiashara wa barabara ya Nimule, na tangu nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 kimepata pia sauti ya serikali. Sisi tunaokifundisha tunalifurahia jambo hilo. Lakini kitabu hiki kinatuonya. Kiswahili kinaweza kuwa ukuta mwingine, lugha nyingine ya mitihani na matangazo ambayo wachache wataisoma kwa niaba ya wengi. Au kinaweza kuwa lugha ambayo Clover mwenyewe anaweza kuunganisha herufi zake. Sarufi nzuri haitatuamulia lipi kati ya hayo litokee. Litategemea nani tunamfundisha, na kama tunamfundisha kusoma kitu kizima.

Riwaya jirani

Wanafunzi waliokipenda kitabu hiki tumewaelekeza kwa Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini nchini Kenya mwaka 1986 na ambaye riwaya yake ya Walenisi ilitoka mwaka 1995. Humo mhusika Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anatiwa katika chombo kinachotarajiwa kumwangamiza, na badala yake anafikishwa katika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Orwell anatuacha nje ya dirisha, gizani. Mkangi anatuonyesha nchi iliyonyooka ili tuione kasoro ya yetu. Jina lenyewe la riwaya likikatwa vipande linasema wale ni sisi. Tungependa kila mwanafunzi aliyeandika majina ya watu pembeni mwa nguruwe airudie kauli hiyo: wale ni sisi, na sisi ni pamoja na kondoo.

Mapendekezo kwa walimu

Kwa walimu watakaopenda kulijaribu zoezi hili tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, daftari lianze kabla ya mjadala wa darasa, ili mwanafunzi asiandike alichosikia kwa mwenzake. Pili, kila kumbukumbu ya binafsi ifuatwe na namba ya ukurasa. Sharti hili dogo ndilo linalotenganisha soga na uhakiki: anayesema kitabu kimemkumbusha kwao, aonyeshe ni mahali gani hasa, kisha aeleze mahali hapo panasema nini ambacho kumbukumbu yake haikusema. Tatu, mwalimu asisahihishe hisia. Asahihishe usomaji. Mwanafunzi akisema alilia Boxer alipochukuliwa, hapo hapana kosa; akisema hakuna aliyejua gari linakwenda wapi, hapo lipo kosa, kwani limeandikwa ubavuni.

Inafaa pia kuwahadhari wenzetu kwamba madaftari ya namna hii yana mambo ya watu. Sisi tuliyasoma wenyewe, tukayarudisha kwa wenyewe, na tulilolitumia hapa tumelitumia kwa ruhusa.

Hitimisho

Kwa jumla, tumeona kwamba mwitiko wa kwanza, wa kutaja majina, ulifunga kitabu mapema, na wa pili ulikifungua. Aliyetaja majina alikuwa na uchungu sawa na aliyechora jedwali. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikwenda na uchungu wake mbali na ukurasa, na mwingine akaurudisha ukurasani mara kwa mara mpaka ukaona.

Karibu na mwisho wa riwaya Clover, macho yakiwa yamefifia kwa uzee, anamvuta Benjamin kwa upole mpaka ukutani na kumuuliza kama amri saba bado ziko vilevile. Kwa mara moja tu Benjamin anakubali kuvunja desturi yake na kumsomea. Pamesalia amri moja. Mwanafunzi wetu aliandika hapo kwamba alitamani Clover angeuliza mapema zaidi, halafu akalifuta neno Clover na kuandika Benjamin: alitamani Benjamin angejibu mapema zaidi. Sahihisho hilo aliligundua mwenyewe, kwa kurudi nyuma na kusoma tena.